Nguo za Mwakani

Gauni lilikuwa bado na lebo, halijawahi kuvaliwa, na kwapani lilikuwa limelowa jasho.

Mama Kipusa alilinusa mara mbili. Halikuwa jasho la mtoto. Akalirudisha kabatini na kujiambia ni unyevu, maana mtu aliyejaza kabati la ukuta mzima hapendi kuanza kulitilia shaka.

Alikuwa na maradhi ya punguzo. Akiona kibao chekundu dukani, mikono ilimwasha, na kwa kuwa alijiona mwenye busara, alimnunulia binti yake nguo za mbele: za mwakani, za mwaka wa kesho kutwa, za uchumba. "Si atakua tu," alisema. Nguo ya leo haina punguzo, kwa hiyo Kipusa mwenyewe, mwenye miaka saba, alishinda na fulana iliyombana mbavu.

"Nani kavaa gauni hili?" mama alimuuliza.

"Dada."

"Dada yupi? Wewe umezaliwa peke yako."

"Wa kabatini. Kasema nguo zake nisiziguse."

Baba alifanya kazi idara ya vibali, mahali ambapo hata mende hupanga foleni. Alipoambiwa, alichungulia mlangoni mwa chumba cha mtoto, akanong'ona, "Jini? Kaingia humu kwa ruhusa ya nani?"

Jioni ile, wakiwa mezani, viango vya nguo vilianza kuteleza kabatini kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayechagua vazi la kutokea, kisha harufu ya nguo mpya ikatambaa chini ya mlango, ile harufu ya dukani ambayo siku zote ilimlegeza mama magoti, ila sasa ndani yake mlikuwa na uvundo wa mwili uliofungiwa muda mrefu, na Kipusa, kijiko kikiwa mdomoni, akaanza kupoa, vidole kwanza, kisha mikono, hadi midomo ikawa rangi ya majivu, huku akiinua mabega na kutabasamu kama mtu anayevishwa.

Wakamwita mganga wa mtaa wa pili, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akafukiza ubani, akamshika mtoto kichwani.

"Nani kakuita?"

Sauti iliyotoka kwa Kipusa ilikuwa ya msichana mkubwa. "Mama. Kila wiki. Huyu hana hata nguo ya kumtosha, mimi nina kabati zima. Sasa mtoto wa nyumba hii ni nani?"

Mama akainamisha uso.

"Toka, mwache," mganga akasema.

"Natoka. Lakini na changu. Vya leo abaki navyo, vya mbele vyote niende navyo."

Mganga akasita, akamgeukia mama. "Shemeji, hapo tuulize vizuri, vya mbele ni vipi."

"Nguo hizo, mganga. Apewe," baba alisema. "Ombi limenyooka. Ofisini kwetu tungemzungusha miezi."

"Mmekubali?" ile sauti ikauliza.

"Tumekubali," wakajibu wote wawili, maana mtoto alikuwa baridi mikononi mwao.

Kabati likafunguka lenyewe. Ndani, viango vitupu vilikuwa vikibembea. Kipusa akapiga chafya, akaomba maji.

Mwaka ukapita, ukapita na mwingine. Shuleni walimpima Kipusa urefu, wakakuta uleule, wakaandika kwamba kipimo ni kibovu na kuagiza kipya. Kipya kilipokuja, nacho kikaandikwa kibovu. Meno yake ya utoto yaliyobaki hayakung'oka. Baba aliandika rufaa, kisha hakujua aipeleke wapi.

Mama aliacha kununua. Aliingia dukani pale tu gauni lilipochakaa.

"Nipe saizi ileile."

"Mama Kipusa, itambana hii," muuza duka alisema. "Chukua kubwa kidogo, mtoto anakua."

"Ileile."

"Haya, mteja ni mfalme. Ila hongera. Yule binti yako mkubwa alipita hapa jana, kapendeza. Karefuka huyo! Na uso ni wa Kipusa mtupu, shilingi kwa ya pili."

Mama akashika meza kwa mikono miwili.

"Alikuwa na afya?" akauliza.