Shingo ya Mushambya

Mume wangu Protase akipenda kitu, anakifunika. Mtoto wetu Eliud akikohoa mara moja, anamrundikia mablanketi matatu. Migomba yake ndiyo usiseme! Kila mwaka anakata nyasi, anazibeba kichwani, anazitandaza kibanja kizima. Ukitembea humo husikii hatua zako. Hapa Nyakatuntu watu hupita wakiisifia migomba yetu, naye hujifanya hasikii.

Mimi naitwa Benitha. Tunaishi na mama mkwe wangu, Gloriose. Alasiri Mama huketi mlangoni na kikombe cha chai, akasinzia. Akiamka hutusimulia alichoota. Siku zote anaota mti.

Mti huo ulikuwepo kweli. Ulikuwa mushambya mkubwa, mbele ya nyumba. Aliupanda mwenyewe alipoolewa hapa. Ukichanua, ua mzima uligeuka njano, hata uso wa mtu uling'aa. Masika moja upepo ukauangusha. Tuliokota mbegu zake chache, Protase akaziotesha. Ilitoka miche minne. Mitatu ikafa. Wa nne tukaupanda mbele ya nyumba, na mbegu nyingine hatukuwa nazo.

"Wanangu, nataka kuyaona maua yale tena," Mama alituambia. "Macho yangu bado yanaona. Msicheleweshe."

Basi Protase akaupenda mche ule. Mnajua maana yake.

Siku ya kuupanda alichimba shimo refu kama la mgomba. Akajaza samadi mbichi kutoka kwa ng'ombe. Akarundika nyasi kuzunguka shina, na kila wiki akaongeza. Mwaka wa pili, mvua zikinyesha vizuri kabisa, majani yakawa ya manjano.

"Una njaa," Protase akasema. Akaongeza samadi. Majani yakaanza kudondoka.

Sasa hata mimi nikauota. Naota natembea juu ya maua, miguu haigusi ardhi. Naamka, natoka nje, nakuta kijiti chenye majani matano. Jamani, moyo uliniuma. Ningemwambia nini Mama?

Siku moja akaja Mwaja kununua ndizi. Mwaja ni jirani yetu. Babu yake alitoka Tanga akafungua duka huku. Yeye ana kitalu cha miche karibu na kijito, na huiuza sokoni Isingiro.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Mwaja hakukaa. Alikuwa anautazama mche.

"Nani kaufukia huu mpaka kidevuni?"

"Mimi," Protase akasema kwa fahari. "Nautunza."

"Unautunza, shemeji, au unauzika?"

Nikacheka. Protase hakucheka.

Mwaja akapiga magoti, akaondoa nyasi kwa mikono. Chini kulikuwa na majimaji, kunanuka, mchwa wanatembea. Gome la shina lilikuwa jeusi na laini.

"Ona, shemeji. Mgomba hauna neno, unavumilia. Likifa shina moja, linachipua jingine pembeni. Mche huu una shina moja tu. Gome likikaa kwenye unyevu siku zote, linaoza. Likioza kuzunguka shina lote, mizizi inakosa chakula. Mti unakufa."

"Na nyasi nizitupe? Jua si litakausha udongo?"

"Nani kasema uzitupe? Zitandaze duara. Kutoka kwenye shina, acha shubiri moja wazi pande zote. Unene wake usizidi kiganja. Samadi iwe imeoza vizuri, nayo ikae mbali na shina. Halafu punguza udongo hapa juu, taratibu, mpaka uone shina linapotanuka kuwa mizizi. Hiyo ndiyo shingo. Shingo ya mti inataka hewa."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. "Utapona?" akauliza.

Mwaja alikwaruza gome kwa ukucha. Upande mmoja ndani kulikuwa kweusi. Akazunguka, akakwaruza upande wa pili. Kijani.

"Huku bado uko hai, mama. Lakini siwezi kukuahidi. Tusubiri mvua za vuli."

"Nimelima tangu utoto," Protase akanung'unika. "Leo niuache mti uchi, na kiangazi hicho kinakuja?"

"Protase," Mama akasema, "fanya alivyosema."

Akafanya. Kiangazi kile kilikuwa kirefu! Mara mbili kwa wiki nilimwaga ndoo moja ya maji, polepole, kwenye duara la nyasi. Shina sikulilowesha. Hata hivyo majani yote yaliisha. Mama akaacha kuutazama.

Asubuhi moja ukungu ulifunika kila kitu. Nilitoka nikamkuta Protase amesimama mbele ya mche, amekumbatia mzigo wa nyasi. Hasogei.

"Baba Eliud, unafanya nini?"

"Naona kama unahisi baridi," akasema kwa sauti ya chini.

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Kusema kweli, hata mimi nilitamani kuufunika. Tukasimama hivyo wawili mpaka jua likachomoza. Kisha akazipeleka nyasi kwenye migomba.

Mvua ya tatu ya vuli iliponyesha, Protase aliniita kwa kelele, nikadhani nyumba inaungua. Machipukizi matatu! Mama aliyagusa moja moja kwa kidole. Wote tulilia, na simwonei mtu aibu.

Mti ulikua haraka. Kila msimu tulipanua duara la nyasi na kukata matawi machache ya chini. Miaka mitatu baadaye ukachanua. Mama alitandika mkeka chini yake, akalala chali, maua yakimdondokea kwenye kanga. Tukadhani amesinzia.

"Sijalala," akasema. "Niacheni. Nayatazama."

Kiangazi kilichofuata maganda yakapasuka. Mbegu zake zina mabawa membamba, zikaelea ua mzima. Mama akazikimbilia, mzee wa miaka themanini! Tulizijaza kwenye kopo, Mwaja akatuoteshea, tukawagawia majirani.

Sasa kila jioni Mama hupita nyumba kwa nyumba akiikagua miche. Akikuta nyasi zimegusa shina, anaziondoa kwa fimbo yake, hata kama mwenye nyumba amesimama anamtazama.