Aliyeitika Mara ya Kwanza

Jioni ile nilikuwa nampelekea baba yake supu. Hilo peke yake latosha kukujulisha Linval Prendergast alikuwa mtu wa namna gani. Kijana wa miaka ishirini na saba, mzima wa afya, ameitwa na Mungu kuwaokoa watu wa Kongo, huku baba yake mzazi, Mzee Cuthbert, amelala hoi kwenye shuka la juzi akimsubiri jirani amletee supu ya boga. Jirani ndiye mimi. Naitwa Myrtle, na ulimi wangu unajulikana mlima mzima.

Nilikuwa na Ionie, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka minne. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi aolewe na Linval, Jumatatu wapande ndege. Nilikuwa na siku mbili tu za kumrudishia akili.

Tulimlisha mzee, tukambadilisha shuka. Linval alikuwa barazani akifanya mazoezi ya mahubiri, kwa ile sauti ya puani aliyoiokota redioni. Kabla ya huko ng'ambo, kanisa lilimtuma kwanza kwa wakata ndizi wa bondeni, mwendo wa robo saa. Alikwenda Jumapili moja tu, akarudi analalamikia matope.

Linval alitusindikiza hadi kivuko cha mto. Giza lilikuwa linaanza kuingia.

"Ni hapa hapa," alisema, akajiweka sawa kama anayepigwa picha. "Hapa ndipo niliposikia naitwa kwa jina."

"Uliitwa mara ngapi?"

"Mara moja, Shangazi. Nikaitika papo hapo. Mimi hapa, Bwana, nitume."

Kwetu hata mtoto anajua. Ukisikia unaitwa jioni na humwoni anayekuita, nyamaza mpaka uitwe mara tatu. Wafu huita mara moja tu, hawana nguvu ya kurudia. Mama alinifundisha hivyo kwa kofi.

"Na Samweli wa kwenye Biblia, yeye aliitwa mara ngapi, mhubiri?"

"Samweli alikuwa mtoto. Mimi Mungu hana haja ya kunirudiarudia."

"Makubwa! Kumbe hata Mungu anakuogopa."

Ionie alinifinya mkono. "Shangazi, basi jamani."

Hapo hewa ikabadilika. Mto ule jioni hutoa baridi, lakini ilinijia pumzi ya moto usoni, yenye harufu ya udongo uliofukuliwa. Kichwa kikawa kizito, nikahisi kinavimba, dalili ya mfu aliye karibu...

Vyura wakanyamaza. Wote.

"Linval!"

Sauti ya mwanamume, tamu, ilitoka majini.

"Mimi hapa, Bwana!"

Akaingia mtoni na viatu vyake vya kung'aa. Maji ya magotini. Ya kiunoni. Anacheka. 

Kisha...

"Ionie!"

Sauti ile ilikuwa yangu. Yangu mimi, jinsi ninavyomwita tangu utotoni, nikiuvuta mwisho wa jina. Na mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Ionie akafumbua kinywa aitike. Nilikiziba kwa kiganja, nikambana kifuani. Akaning'ata mpaka damu. Sikumwachia. Nikasubiri ya pili.

Haikuja.

Linval akarudi ukingoni. Suti yake ilikuwa kavu. Kavu kabisa, hadi soksi.

"Umeitwa ukakataa," alimwambia Ionie kwa upole wa kuchefua. "Basi siwezi kukuchukua."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, mbele yake. Jumatatu akaondoka peke yake. Baba yake hakuagwa.

Miezi miwili Ionie hakunisemesha. Aliponisemesha, ilikuwa hivi: "Ulinizuia nisimwitike Mungu."

"Mungu gani anaazima sauti ya Myrtle?"

Akachukua ndoo akatoka. Usiniulize mimi, sijui.

Mzee Cuthbert tulimzika mwezi wa nne. Mwanawe aliandika kwamba mavuno ya Bwana ni mengi, hawezi kuyaacha. Pasta aliisoma barua yote ibadani. Linval amebatiza watu sitini kwa jioni moja, mtoni. Anawafundisha kuitika mara ya kwanza, pasipo kuuliza ni nani. Kanisa zima likaitikia amina, wakapiga matari. Wapumbavu. Nilifikiria wana sitini wa watu, na wazazi wao nyumbani, nikashindwa kuimba.

Mimi na Ionie tuliwekeana sharti. Nikimwita, namwita mara tatu kamili, na chini ya hapo haitiki. Majirani wanasema nimezeeka vibaya. Waseme.

Jana, jua linazama, nilikuwa jikoni namenya ndizi. Ionie aliingia kutoka uani, nguo alizoanua bado zimo mikononi, akasimama mlangoni ananitazama.

"Shangazi, ulikuwa unaniita?"

Sikuwa nimefungua mdomo tangu mchana.

"Umesikia mara ngapi?"

"Mbili."