Mkono wa Tano

Ludovika alikuwa anamalizia kukamua ng'ombe jioni simu ilipoita.

"Dada Ludovika? Mimi Konsolata, muuguzi wa zahanati. Mama mkwe wako presha imetulia, anaweza kurudi nyumbani. Shida ni usafiri. Bodaboda wote wamegoma, wanasema jua likishaelekea kuzama hawapiti ile kona."

Ludovika aliweka ndoo ya maziwa chini. Ile kona ndiyo iliyomuua Baltazar, mume wake. Na huyo mama mkwe, Philomena, ndiye aliyesimama msibani, mbele ya padri na kijiji kizima cha Tumati, akamnyooshea kidole. "Mwanangu hakuwa mtu wa kuanguka. Ameangushwa na anayelala naye."

Tangu siku hiyo hakuna jirani aliyekuja tena kununua maziwa kwake. Tangu siku hiyo Ludovika alikuwa na hasira iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Dada, unanisikia?"

"Nakuja," alisema.

Si kwa huruma. Alijua bibi yule akifia huko, watu watasema ni yeye tena.

Alitoa pikipiki ya marehemu, iliyokuwa imetengenezwa baada ya ajali. Alikuwa anaiendesha vizuri, Baltazar mwenyewe ndiye aliyemfundisha. "Mwendo unapunguza kabla ya kona," alikuwa akimwambia. "Ukishaingia, mafuta usiyakate wala usiyarushe. Yaongeze polepole, kama unavyokamua. Ukivuta kwa pupa, ng'ombe anakupiga teke." Hivyo ndivyo alivyowafundisha nusu ya vijana wa kijiwe cha bodaboda. Halafu dereva wa fuso aliyekuwa nyuma yake siku ile akaja kusema alisikia injini ikikata ghafla ndani ya kona, ikanguruma ghafla, kisha pikipiki ikaingia korongoni.

Baltazar? Akate mafuta ndani ya kona? Ludovika hakuamini hata siku moja.

Alimkuta Philomena kwenye benchi nje ya zahanati, amejifunika blanketi.

"Shikamoo mama."

Philomena aligeuza uso upande wa pili. Konsolata, ambaye alitoka Songea na hakuyajua ya watu, alibaki ameduwaa.

"Panda," Ludovika alisema. "Nishike kiunoni kwa mikono yote miwili."

Wakaondoka. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka juu, mwepesi, unanukia majani mabichi. Mwanga bado ulikuwepo. Kona ya kwanza aliipita bila shida. Alipunguza, akainamisha pikipiki, akatazama kule barabara inakotokea, akaongeza mafuta kidogo... kidogo... Pikipiki ikazunguka kama inayoteleza juu ya maziwa.

Kona ya pili, nyuma kukawa kuzito.

Mwanzoni alidhani ni pancha. Hapana. Tairi lilikuwa zima. Springi zilikuwa zimekaa chini kabisa, usukani umekuwa mwepesi, kama amebeba mishikaki, abiria wawili nyuma.

"Mama, sogea mbele. Unaniharibia uzito."

"Nimekubana mpaka basi," Philomena alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu msiba.

Kweli. Ludovika aliusikia mwili wa bibi yule umegandamana na mgongo wake. Aliisikia mikono yake miwili kiunoni, vidole vimekamata koti.

Kisha akasikia harufu. Ngozi ya kondoo iliyolowa. Na udongo... udongo wa chini sana, ule unaotoka mtu anapochimbiwa kaburi.

"Ludovika..." Sauti ya Philomena ilikuwa mnong'ono. "Nyuma yangu kuna mtu."

Ludovika hakugeuka. Mbele yake, ndani ya ukungu, kona ya Baltazar ilikuwa imeshafunguka.

Alipunguza. Akaingia. Akainamisha.

Mkono ukaja.

Ulipita chini ya kwapa la Philomena, mrefu kuliko mkono wa mtu unavyopaswa kuwa, ukaja taratibu ukatua juu ya mkono wake wa kulia, pale kwenye mafuta. Ulikuwa wa baridi. Kucha zimejaa udongo. Ludovika aliuona kwa macho yake, na bado mikono miwili ya Philomena ilikuwa kiunoni kwake.

Ukakata mafuta.

Injini ikakata ghafla. Pikipiki ikainamisha pua, ikaacha kuzunguka, ikaelekea korongoni moja kwa moja. Ludovika alivuta mafuta kwa nguvu zake zote. Mkono nao ukageuka, ukavuta pamoja naye, ghafla, mpaka mwisho. Injini ikapiga ukelele. Tairi la nyuma likachota changarawe, likaanza kukimbia pembeni.

Hapo ndipo alipoelewa. Mume wake hakukosea. Hivi ndivyo alivyouawa. Kukata, kurusha. Kukata, kurusha. Hasira aliyoibeba kooni siku zote ikapanda ikamtoka mdomoni.

"Niachie! Uliniulia mume wangu, mshenzi wewe! Niachie!"

Mkono haukuachia.

Ukingo wa korongo ulikuwa karibu kiasi kwamba aliona vichaka vya chini.

Ndipo Philomena akasema. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea na mtu anayemfahamu.

"Agustino. Basi. Rudi."

Mkono ukaachia.

Ludovika hakurusha mafuta wala hakuyakata. Vidole vilikumbuka. Kidogo... kidogo... Tairi likashika ardhi. Pikipiki ikajipinda kufuata barabara, ikapita ukingoni, ikatoka upande wa pili.

Hakusimama mpaka nyumbani.

Ludovika alizima injini uani, akamshusha bibi, akamsukuma mpaka jikoni, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Agustino ni nani?"

Philomena alikaa kwenye kigoda kando ya majivu.

"Nimekuuliza! Ni nani?"

"Kaka yangu," Philomena alisema. "Nilimzika ndani ya ngozi ya kondoo, kabla sijaolewa. Hakukaa alipozikwa. Kwetu wapo wa hivyo."

"Na anakusikia wewe."

"Ananisikia."

Ludovika aliona mikono yake mwenyewe ikikamata mchi. Hakukumbuka kuuokota.

"Ulitaka kumhamisha mwanangu," bibi aliendelea, macho kwenye majivu. "Mhamie Gitting, kwa wazazi wako, mniache peke yangu humu. Siku za mnada ulikuwa unapanda pikipiki wewe, kila mara wewe. Nilimwonyesha Agustino pikipiki. Sikumwonyesha mtu. Nilidhani hakuna haja."

"Mnada ule nilikuwa na malaria," Ludovika alisema polepole.

"Ndiyo."

"Akaenda Baltazar."

"Ndiyo."

Philomena alianza kulia. Machozi yale yalimtia Ludovika kichaa kuliko maneno yenyewe. Mwanamke huyu alimuua mtoto wake kwa kutaka kumuua yeye, akasimama juu ya kaburi lake, akamwita yeye mchawi, na watu wakaitikia.

"Jumapili utasimama kanisani," alisema, mchi bado mkononi. "Utasema mbele ya watu walewale. Usiposema, nitakuburuta kwa nywele."

"Nitasema. Mimi nimechoka." Bibi alijifuta kwa blanketi. "Ila watanifukuza, au watanipiga mawe. Kila siku namwita nikiwa hapa hapa, ndipo watu wanapita; nikifa, nani atamwita Agustino arudi? Nimejaribu kumfunga mara nyingi, hafungiki. Ameshaizoea ile kona. Hajui mbaya wala mzuri. Anajua mlio wa pikipiki tu. Anasikia neno la mtu mmoja duniani."

Ludovika alifikiria vijana wa kijiweni, wale wanafunzi wa Baltazar, wanaopeleka wajawazito zahanati na watoto shule kupitia kona ile. Kisha akauweka mchi chini, akachochea moto, akabandika uji.

Jumapili ikapita, hakumwambia mtu. Sasa analala naye chumba kimoja, mwanamke anayemchukia kuliko kitu chochote chini ya jua. Anampimia dawa za presha, anasubiri ameze, anamwambia afungue mdomo aone. Anamfunika blanketi la pili baridi ikizidi. Majirani wanapita, wanamwona akimshika mkono bibi kumpeleka juani, wanasema kumbe yule mkwe ana moyo mzuri. Ludovika anasaga meno.

Jana kutwa Philomena hakutaka kula. Jioni Ludovika alipiga magoti kitandani kwake, bakuli mkononi, akamshika kidevu kwa nguvu.

"Kula," alisema. "Kula, mchawi wewe. Usinifie."

Bibi alifumba mdomo. Barabarani, chini ya nyumba, pikipiki ya mtu ilipita ikielekea konani.