Gauni Lililokaa Kasingirima

"We papa! Peleka samaki zako kule!"

Vedasto aligeuka na fungu lake la migebuka, maji yakimchuruzikia kwenye suruali. Mbele ya kibanda cha fundi cherehani, sokoni Mwanga, msichana mrefu mwenye kitenge cha kijani alikuwa amelikumbatia gauni la hariri, rangi ya maziwa, lesi mabegani. Alikuja kutafutiwa kifungo.

"Samahani, mrembo. Hata tone halijalifikia."

"Na harufu? Hariri inakunywa harufu, papa. Ikishakunywa, haitapiki."

Vedasto akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Msichana aliitwa Mapendo. Alivuka ziwa kutoka Uvira, Kongo, ambako mwanamume huitwa papa, mwaka wa vita, akapokewa katika kambi ya wakimbizi. Gauni alilishona mama yake, aliyefia njiani, na Mapendo aliapa hataolewa na nguo nyingine.

Penzi likakolea. Kila Mapendo alipopata kibali cha kuja mjini, Vedasto, ofisa wa maji aliyehamishiwa Kigoma kutoka Bukoba, aliaga ofisini mapema. Masika yalipoanza na hema lake la kambini likavuja, Mapendo alilileta gauni chumbani kwa Vedasto, mtaa wa Kasingirima.

"Usilitundike, mabega yatavutika. Likunje ndani ya shuka la pamba. Kila mwezi lipunge hewa kivulini, ulikunje pengine, lisije likakatika kwenye mikunjo. Maji usithubutu."

"Na mwenye gauni nimkunje wapi?"

"Nenda huko!" Mapendo akamsukuma, akicheka. "Mwenye gauni anataka mshenga."

Mshenga akaenda. Mshenga huyo, Mzee Mwinshehe, alirudi na habari kwamba mjomba wa Mapendo amepokea ujumbe, wanatafakari. Hapo ndipo Vedasto alipojichimbia shimo. Baba yake alimfunza kwamba mshenga akishatangulia, mposaji hakanyagi ukweni mpaka aitwe. Anayejipitishapitisha ana pupa. Basi akatulia, mpumbavu yule, na adabu zake. Vibali vya kutoka kambini vikakazwa, Mapendo haonekani, naye akabaki na gauni. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa. Alilipunga, akalikunja upya, akalisemesha kama mtu. Masika yakaisha, kiangazi nacho kikaisha.

Siku moja simu ya ofisini ikalia.

"Vedasto? Niko Mwanga. Nakuja kuchukua nguo yangu."

"Mpenzi! Mjomba amekubali?"

"Ninaolewa Jumamosi. Na Jonathan, wa kambini."

Alifika amekonda, kitenge kimepauka. Hakusalimia. Alilikagua gauni kwapani, pindoni, kwenye lesi, akalinusa. Lilikuwa vilevile kama alivyoliacha. Akaketi kitandani.

"Mtu aliyenitupa mimi, hili angelitunza kwa nini?"

"Nani kakutupa? Nilikuwa nangoja kuitwa!"

"Kuitwa?" Mapendo alimkazia macho. "Kwetu mposaji anaonekana. Anakaa na wazee, anabeba kuni. Akipotea, amejibu. Kila Jumapili nilisonga ugali wa kukutosha na wewe, mjomba anaangalia njia."

"Baba alinifunza..."

"Na miguu yako, nayo ilikuwa ya baba?"

Vedasto akapiga magoti. "Bado hujaolewa. Twende kwa mjomba leo hii, nijieleze."

"Mahari imepokelewa. Mjomba ametoa neno, na sisi tuliokimbia, neno ndilo tulilobaki nalo." Akainuka kitandani. "Ninakupenda, Vedasto. Usinifuate tena."

"Basi usiolewe na hili."

"Mama alinishonea hili."

Vedasto alilifunga gauni ndani ya shuka, akambebea mpaka Mwandiga kwenye magari ya kwenda kambini. Chini ya kibao cha duka alisimama kijana mpole, shati limepigwa pasi vizuri, ambaye aliwaona akaja mbio, akampa Vedasto mikono yote miwili.

"Wewe ndiye uliyetutunzia nguo? Mungu akubariki, kaka. Mimi ndiye Jonathan. Jumamosi usikose."

Mapendo alitazama pembeni. Vedasto akasema si kitu, akaliweka gauni garini taratibu, kisha akamshika Mapendo mkono ili apande.