Kifaranga wa Kumi

Kacha! Ganda linapasuka.
Tii, tii, tii. Maharagwe yanaanguka kwenye sinia.

Mghoi yuko jikoni na Mama. Wanapukuchua maharagwe. Nje, ukungu unashuka mlimani polepole.

Maganda makavu yanaingia kikapuni, karibu na meko. Mama hayatupi. Huyachoma, akapata majivu. Maji ya majivu hulainisha mboga ngumu. Nyanya anazipenda hizo mboga, lakini amebakiwa na meno manne tu.

"Mama," anasema Mghoi, "Mwalimu ametupa neno la Kiingereza. Neno lenyewe ni soft. Kesho kila mtu apeleke maneno matatu ya Kiswahili yenye maana hiyo."

"Laini," anasema Mama. "Na mikono isilale."

Laini. Hilo ni moja.
Kacha! Tii, tii, tii.

Pu! Mlango unafunguka. Ni Mwakio, kaka yake Mghoi. Anahema.

"Mama! Madoa ametoka na vifaranga! Wako uani!"

Mghoi anaruka juu. Sinia linayumba.

"Maharagwe yangu!" anasema Mama. "Haya, nendeni. Wahesabuni vizuri."

Madoa ni kuku wao. Alilalia mayai kumi stoo, pale nyuma ya ukuta wa jiko. Sasa anatembea uani kwa maringo. Kwe, kwe, kwe.

Mghoi anahesabu. Mmoja, wawili, watatu... tisa.
Mwakio anahesabu. Tisa.

Wanachungulia stoo. Mayai yote kumi yamepasuka. Kifaranga wa kumi hayupo. Chini ya ukuta wa jiko pana ubao uliovunjika, lakini hakuna anayeutazama.

"Mama! Mmoja amepotea!"

Mama anatoka na upawa mkononi. Anautazama ukungu.

"Baridi ya huku si ya kifaranga," anasema. "Akilala peke yake, hataamka. Mtafuteni kabla ya giza."

"Tukimkosa je?" anauliza Mghoi.

Mama anarudi jikoni.

Mghoi anafikiri. Ningekuwa kifaranga, ningelala wapi?
Ningelala mahali laini.

Anakwenda kwenye kamba ya nguo. Leso ya Mama imeanikwa hapo. Imefuliwa mara nyingi, imekuwa laini kabisa. Ncha yake inagusa majani.

Mghoi anainua ncha.
Hayupo.

Anakwenda chumbani kwa Nyanya. Nyanya amekaa kitandani, miguu ndani ya blanketi.

"Nyanya, umemwona kifaranga?"

"Sijamwona, mjukuu wangu. Tazama kwenye blanketi. Ni kuukuu, lakini ni nyororo."

Nyororo! Hilo ni la pili.

Mghoi anaingiza mkono. Anashika kitu.

"Hicho ni kidole changu," anasema Nyanya.

Kifaranga hayupo.

Mghoi anatoka nje. Ukungu umemeza migomba. Umemeza choo. Umemeza lango. Nyumba inaonekana kama inaelea juu ya maziwa.

Chwap!

"Aii! Mguu wangu!" Ni Mwakio, ndani ya ukungu.

"Umempata?"

"Nimepata matope! Udongo huu teketeke, umemeza slipa yangu!"

Teketeke! Hilo ni la tatu. Mghoi angefurahi. Lakini kifaranga bado hayupo.

Anatembea polepole na kuimba kwa sauti ndogo.

"Laini, nyororo, teketeke,
nani amelala peke yake?"

Anatazama chini ya majani ya maboga. Hayupo.
Anatazama ndani ya gunia la pamba ya kujazia mito. Hayupo.

"Laini, nyororo, teketeke,
nani amelala peke yake?"

Ukungu unazidi kushuka.

"Mghoi! Mwakio!" Mama anaita. "Giza hilo! Rudini!"

Wanarudi. Mwakio amevaa slipa moja. Mghoi anafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Nimetazama kila mahali palipo laini," anasema.

"Najua," anasema Mama. "Keti uote moto."

Mghoi anakaa karibu na meko, kando ya Nyanya. Moto unamfikia miguuni. Unamfikia magotini. Joto tamu. Macho yanataka kufumba.

Mama anashika kikapu cha maganda. "Ngoja niyachome haya, niwapakulie."

Anakiinua kikapu. Anakiinamisha motoni.

Mghoi anakitazama. Maganda yanakwaruza. Si laini hata kidogo. Lakini kikapu kilikuwa hapa, karibu na meko. Hapa pana joto.

"Mama, ngoja!"

Mama anasimama vilevile.

Mghoi anaingiza mkono kikapuni.
Kavu.
Kavu.
Kavu tena.
Kisha... laini.
Nyororo.
Teketeke.

"Piu," kinasema kikapu.

Mama anakiweka chini taratibu. Anakaa.

"Ningemchoma," anasema.

"Hukumchoma, Mama," anasema Mghoi.

Kifaranga yuko kiganjani mwake. Ana usingizi. Ana ganda moja la haragwe kichwani, kama kofia.

"Wewe nawe!" Mama anamwambia. "Umepita wapi?"

Mwakio anainama. Anauona ubao uliovunjika chini ya ukuta.

"Huyu alipita hapa! Alikuwa ndani wakati wote, na mimi slipa yangu imekwenda!"

Nyanya anacheka hadi meno manne yote yanaonekana.

"Lakini maganda si laini," anasema Mghoi.

"Kifaranga hatafuti laini," anasema Mama. "Anatafuta joto."

Wanamwingiza Madoa na wanawe jikoni, kwenye kona. Mghoi anamtia wa kumi chini ya bawa. Madoa anatulia. Kwe.

Mama anafunua sufuria. Mvuke unapanda. Viazi na maharagwe. Lakini hapakui bado. Katika nyumba hii, hakuna anayekula kabla ya kuhesabiwa.

Mama anaelekeza upawa.

"Nyanya?"
"Nipo."

"Mwakio?"
"Nipo. Slipa moja haipo."

"Mghoi?"
"Nipo. Na maneno yangu matatu."

Upawa unaelekea kwenye kona. Mama hajawahi kuhesabu kuku wakati wa chakula.

"Madoa?"
Kwe.

"Na wadogo?"

Mghoi anahesabu vichwa chini ya mabawa. Polepole, kwa kunong'ona.

"Kumi, Mama."

"Haya," anasema Mama, na kupakua. "Tuko wote. Kuleni."