Utepe Uliogoma Kufunguka

Kila asubuhi Lakica alikunja blanketi na kupanga viatu mstari mmoja. Katika kambi ya polisi, kitu kilicholegea kilikuwa aibu. Hata mfano aliouandaa kwa maonyesho ya sayansi ya siku hiyo aliukaza: utepe mwekundu wenye maandishi, ulioviringishwa kwenye vigurudumu vya uzi na kugandishwa kwa gundi. Alitamani sana kombe lije shuleni kwao.

Rafiki yake Taqwa alipokuja kumpitia, alimkuta akimweleza baba yake, Afande Odur wa kikosi cha zimamoto cha polisi.

"Utepe ni DNA, maagizo ya mwili. Vigurudumu ni protini ziitwazo histoni. Kirusi kikiingia kwenye seli, alama ndogo za kemikali hubandikwa kwenye histoni. Utepe hulegea, na maagizo ya kinga ya kwanza husomeka."

"Haya, kirusi kimeingia. Nisomee," Baba alisema.

Lakica alivuta. Utepe uligoma. Alipovuta kwa nguvu, ukachanika.

"Wallahi, tumekwisha!" Taqwa alisema. "Tueleze kwa mdomo tu. Majaji hawatavuta."

Lakica aliokota kipande kilichochanika. "Hapana. Kosa ni langu. Nilitaka upendeze tu."

Baba hakumgombeza. "Mpira wetu wa maji huviringishwa vizuri, lakini haufungwi fundo. King'ora kikilia, lazima ufunguke."

Wakaanza upya. Waliushona utepe, wakatupa gundi, wakaweka vibanio vya kuushikilia. Kila alama ya manjano, mfano wa zile alama za kemikali, ilipochomekwa, ilisukuma kibanio, na utepe ukalegea.

Kwenye maonyesho, ambako Afande Odur aliwasindikiza na kusimama kando, Shafiq wa shule nyingine aliwacheka. "Toto la kambi! Hata utepe anaupigia saluti!"

Jaji akafika, akasikiliza maelezo yao. "Kirusi kimeingia," alisema, akiunyoshea mkono utepe.

Lakica alichomeka alama zote. Utepe ulifunguka wote, na jaji akasoma kwa sauti: "Tengeneza interferoni, protini ya tahadhari! Zionye seli jirani!"

"Na vita vikiisha?" jaji aliuliza.

"Tunaondoa alama, utepe unajikaza. Kinga isiyopoa huumiza mwili wenyewe."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kombe lilipotajwa kuwa lao, Taqwa aliruka hadi kiatu kikamtoka. Shafiq naye alipiga makofi.

"Unadhifu ni mzuri, mwanangu," Afande Odur alisema, "lakini ulinzi usiofunguka haumlindi mtu. Nawe umeshinda tangu asubuhi, ulipokubali kosa lako badala ya kulificha."

Kisha, akiwa katika sare yake kamili, akasimama wima na kuupigia utepe saluti.