Majibu Yako Tayari, Fungua Sasa

Uvumi huo Mama aliusikia kwa muuza mkate, Jumatano asubuhi, na tangu hapo haukumtoka kichwani: eti yule binti wa sabuni anaingia kwenye simu za watu. Ukifungua barua yake tu, kwisha habari yako. Mwanamke aliyesema hivyo hakujua kwamba aliyesimama nyuma yake, mkate kwapani, ndiye aliyemzaa huyo binti wa sabuni.

Mama hakungoja chenji.

Alikuta watu wamejaa mlangoni pa duka la binti yake. Binti alikuwa amejifungia kwa ndani, nondo za mlango katikati yake na wao.

"Moyo umenipasuka!" alipiga kelele mzee mmoja, miwani imemshukia puani. "Nangoja majibu mimi, silali, halafu naletewa sabuni?"

"Sijawahi kukanyaga hapa," alisema kijana mwenye tai, akifuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Barua pepe yangu umeitoa wapi?"

Mwanamke mmoja mnene aliinua simu, mkono umenyooka kabisa mbele ya uso, akasoma kwa sauti: "Majibu yako tayari, fungua sasa. Nikafungua. Nikaona povu!"

Mama alipita akiomba radhi. Binti akamfungulia kidogo, akamvuta ndani, akafunga tena.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba, na nyuma yake stoo isiyo na dirisha, sabuni zimepangwa kwenye mbao zikauke. Binti alikaa juu ya dumu la mafuta, macho mekundu.

"Mama, si mimi. Naapa si mimi."

"Nimekuuliza?"

"Afisa wa biashara amepiga simu. Kesho saa tatu anakuja na kufuli. Nisipomwonyesha aliyetuma, duka linafungwa. Kampuni inayopeleka barua zangu imeizuia akaunti yangu kutuma, hata kuomba msamaha siwezi. Na zile nilizotuma kwa mkono zote zinaangukia kwenye taka, huko kwenye bahati nasibu na dawa za kuotesha nywele."

"Wewe huwa unatumaje? Nieleze kama mtoto."

Binti akaeleza. Mteja anaandika anwani yake ya barua pepe mwenyewe, hapo kaunta. Kisha anapelekewa barua ya kwanza kumuuliza kama kweli ndiye na kama anataka. Akikubali, anapata barua moja kwa mwezi, sabuni mpya ikiwa tayari. Chini kabisa kuna mahali pa kubonyeza akichoka, naye anamwondoa siku hiyohiyo.

Mama akaitazama ile barua mbaya. Chini hapakuwa na mahali pa kubonyeza. Na picha ilikuwa ya sabuni ya mdalasini.

"Hii umeanza kuiuza lini?"

"Bado. Inakauka, ile pale. Niliwapa kipande kimoja kimoja wewe, mume wangu na mama mdogo. Na fundi wa kompyuta wa hapa jirani, alipokuja kunirekebishia taa."

Basi mshindani wa ng'ambo ya barabara, ambaye Binti alikuwa ameshaanza kumlaani, akatoka kwenye hesabu.

Mama alianza na huyo fundi, kibanda cha jirani. Alimkuta ameinamia simu iliyopasuliwa tumbo.

"Wewe si ndiye uliyemuuzia mwanangu orodha ya barua pepe za watu?"

"Nilitaka kumuuzia, mama. Akanifukuza kama kuku. Akasema hawezi kumwandikia mtu asiyemwomba." Akacheka kidogo. "Lakini kutuma sijatuma. Na kama ningetaka kumharibia, ningeharibu vizuri zaidi ya hivi."

"Unacheka?"

"Samahani, mama. Lete simu yake, nikuonyeshe."

Mama akaileta, naye akafungua ukurasa unaoonyesha akaunti imetumiwa na kifaa gani. Ile barua ilitoka Jumanne mchana, kwenye kompyuta ya mezani.

"Mimi kompyuta ninayo, kweli. Lakini Jumanne mtaa huu ulikuwa hauna umeme toka asubuhi mpaka jioni. Uliza yeyote."

Mama hakuwa na haja ya kuuliza. Jumanne alikuwa amepiga pasi ya mkaa yeye mwenyewe.

Akabaki mkwe, anayeendesha lori. Alipofika mchana, Mama alimkalisha kwenye kiti cha wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye husema tuma kwa wote, atakayechukia achukie?"

Mkwe akainama. "Nilisema, mama. Tuligombana naye kwa hilo. Lakini Jumanne nilikuwa barabarani, na kompyuta sijui hata inawashwa wapi."

Jioni akaja mama mdogo na chupa ya chai, bado na sare ya kazini. Alimkumbatia Binti, akampangusa machozi kwa kanga yake.

"Mkamateni huyo fundi," alisema. "Mnangoja nini? Watu wa kompyuta ndivyo walivyo."

"Hakuwa na umeme," Mama alisema.

"Basi ni mkwe wako. Samahani kusema, dada, lakini mwanaume na mke mwenye biashara, unawajua."

Kauli hiyo ilimwingia Mama kama mwiba wa samaki. Mdogo wake alikuwa na haraka ya kupata mtu.

Alipobaki peke yake na Binti, Mama alitoa simu yake, akavaa miwani yake mipya na kutafuta barua pepe yake, ile aliyofunguliwa na Binti na asiyoitumia kamwe. Ilikuwa na barua moja tu. Majibu yako tayari, fungua sasa.

"Mwanangu, mimi umenitia kwenye wateja?"

"Wewe? Wewe sabuni unachukua bure, nikutangazie nini?"

"Basi hii imenifikaje? Nimeiandika mahali pamoja tu tangu nizaliwe. Kwenye kliniki ya macho kule mjini, nilipopimwa miwani hii."

Akaivua miwani, akaitazama. Mzee, miwani puani. Kijana akifuta miwani. Yule mwanamke mnene, simu mbali na uso. Wote walikuwa wamepita mapokezi yaleyale ya kliniki, mbele ya mama mdogo, anayeandikisha wagonjwa pale.

"Siku uliyonipeleka," Mama alisema polepole, "simu yako iliisha chaji."

"Ndiyo. Mama mdogo akaniazima kompyuta yake, nikatuma barua ya mwezi."

"Ukaifunga akaunti?"

Binti alijipiga paji la uso. "Niliisahau wazi."

Alhamisi saa tatu kasorobo asubuhi mama mdogo alipita dukani na chai yake, akielekea kazini. Alipoingia, Mama alifunga mlango wa nondo nyuma yake na kutia funguo kiganjani.

"Dada, mbona unafunga?"

"Jumanne mchana, kwenye meza yako ya mapokezi, uliwatumia wagonjwa barua kwa jina la mwanangu."

"Nani kasema?"

"Miwani yangu." Akamwonyesha simu. "Na picha hii umeipiga kwenye kaunta yenu. Hicho kikopo cha kalamu hapo pembeni nakijua, nilisaini kwa kalamu yake."

Mama mdogo alitazama mlango, kisha stoo. Hakukuwa na pa kutokea. Akakaa juu ya dumu.

"Mwaka mzima nawaomba mnishirikishe kwenye biashara," alisema. "Kila siku, tutaona, tutaona. Mimi wa kuleta chai tu. Nikasema nitamjazia wateja mpaka aje kuniomba mwenyewe."

"Lakini kwa nini majibu, mama mdogo?" Binti aliuliza. "Yule mzee anaogopa kupofuka!"

"Tangazo nani analifungua? Majibu kila mtu anafungua." Kisha akamgeukia Mama, sauti imekuwa ndogo. "Ukinitaja, kazi sina. Mama yetu alipofariki ulinibeba mgongoni, dada. Ndiyo unitue hapa?"

Mama aliegemea ukuta. Upande huu mwanawe, upande ule mtoto wake wa kwanza, ambaye hakumzaa. Chumba kilinuka mdalasini mpaka kichwa kikauma.

Mlango ukagongwa. Kufuli la afisa liligusa nondo, kling.

Mama alimpa mdogo wake funguo.

"Fungua wewe. Useme wewe. Nitasimama karibu yako, lakini sitanyamaza."

Mama mdogo alikosa tundu mara mbili. Ya tatu mlango ukafunguka, na kabla afisa hajasalimu alisema, "Ni mimi."

Kazi aliipoteza. Duka halikufungwa, ila mpaka leo barua za Binti nyingi huangukia kwenye taka, na wateja waliozoea kuzipata wanadhani amehama. Yule mzee alirudi, akasimama kaunta mpaka alipoona kwa macho yake jina lake likifutwa. Hakununua kitu.

Ninyi wenye vibiashara, na ninyi mlio na watoto wenye vibiashara, epukeni haya:

Usimwandikie mtu ambaye hakukuomba.
Usinunue barua pepe za watu, wala usizichukue kazini kwako.
Usidanganye kwenye kichwa cha barua ili ifunguliwe.
Usitume barua isiyo na mahali pa kujiondoa.
Mtu akisema basi, usimbembeleze. Mwondoe.
Usitume kila siku.
Usiache akaunti wazi kwenye kompyuta ya mtu, hata awe ndugu.
Na ndugu akikuomba kazi, mpe jibu. Usimwambie tutaona.